Hesabu milio kabla ya kuhesabu pesa: kompyuta kuukuu inapokataa RAM mpya

Simu iliingia baada ya Isha. Alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye sasa ana saiba yake ndogo Kawangware, magharibi mwa Nairobi. Siku hiyo hakuanza na kunijulia hali kama ilivyo desturi yake.

"Mjomba, nimeiua kompyuta."

"Umeiua vipi?"

"Nimeiongeza RAM. Sasa haiwaki. Inalia tu, skrini nyeusi."

Nikamwambia aichomoe ukutani, afunge duka, akalale. Mimi nilikuwa Nairobi siku hizo kwa shughuli ya arusi, nimefikia kwa jamaa karibu na katikati ya mji. Kabla ya kurudi kwetu na kuanza kuandika makala hizi, nilishika bisibisi miaka kadhaa kwenye karakana ya kompyuta Mombasa. Asubuhi nikapanda matatu ya 46, ile namba ambayo hata kituo cha Kawangware kimerithi jina lake, nikaenda kuitazama maiti.

Nayaandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, haikuwa maiti. Pili, najua kompyuta za umri huo bado ziko kwenye madrasa, maduka, ofisi za vyama na majumba yetu kutoka Lamu hadi Vanga, na kila mwaka kuna zinazotupwa au kuuzwa kwa bei ya vyuma kwa kosa kama hili.

Wiki ya mavuno

Mtu asione ni jambo dogo. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni, na kila mkazi wa Kenya mwenye PIN ya KRA anajua kwamba tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za ushuru za mwaka uliopita. Wengi wetu hungoja siku za mwisho. Kwa mwenye saiba, wiki hiyo hubeba kodi ya chumba ya miezi miwili.

Saiba ya mpwa wangu ina kompyuta nne. Iliyozima ndiyo iliyounganishwa na printa, na ndiyo yenye mafaili ya wateja: barua za kazi, fomu za shule, risiti za ritani. Ni HP Compaq 6000 Pro, mashine ya ofisini iliyotoka mwaka 2009. Alipoinunua ilikuwa imetumika tayari na ilikuwa na RAM ya GB 2 tu, yaani vipande viwili vya GB 1. Akifungua ukurasa wa iTax, fomu ya Excel na barua pepe ya mteja kwa pamoja, mashine huganda na mteja huanza kuangalia saa.

Akashauriwa aongeze RAM, na ushauri huo ulikuwa sahihi. Akashuka mjini, Luthuli Avenue, akanunua vipande viwili vya GB 4 kila kimoja, vipya, ndani ya paketi. Akarudi, akatoa vya zamani, akatia vipya, akabonyeza kitufe. Mlio, mlio, mlio, mlio, mlio. Taa ya mbele ikamweka kwa rangi nyekundu. Akavitoa, akavirudisha vya zamani. Ikalia vilevile.

Hapo ndipo moyo ulipomwanguka. Kama vipya tu ndivyo vingekataliwa, angesema vipya ni vibovu. Lakini vya zamani, vilivyokuwa vikifanya kazi asubuhi ileile, navyo vikakataliwa. Jirani mmoja anayetengeneza simu akaja, akatazama, akatoa hukumu: "Ubao mama umekufa. Tafuta mashine nyingine."

RAM ni meza, diski ni kabati

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane juu ya neno moja. Wengi tunaita RAM "memori", kisha tunaogopa kwamba ikiharibika mafaili yamepotea. Sivyo. Mafaili hukaa kwenye diski. Diski ni kabati: ukizima umeme, vilivyomo vinabaki. RAM ni meza ya kazi. Kompyuta hutoa kitu kabatini, hukiweka mezani, hukifanyia kazi, kisha hukirudisha. Umeme ukikatika, meza hubaki tupu.

Meza ikiwa ndogo, kompyuta hulazimika kurudisha vitu kabatini kila mara ili ipate nafasi ya vingine, na kabati la kizamani ni zito kufungua. Huko ndiko kuganda kunakotoka. Kwa hivyo kuongeza RAM ni dawa ya kweli. Na kwa kuwa RAM si diski, jambo la kwanza nililomwambia mpwa wangu ni hili: "Mafaili ya wateja wako yapo. Tulia."

Mashine ilikuwa ikisema

La pili nikamuuliza: "Imelia mara ngapi?"

Hakujua. Jirani naye hakuhesabu. Tukaichomeka, tukasikiliza pamoja: milio mitano, kimya kidogo, milio mitano tena. Taa nyekundu nayo ikimweka mara tano, ikipumzika, ikirudia. Baada ya raundi ya tano mlio ukanyamaza, taa ikaendelea.

Milio hiyo si kelele. Kompyuta ikiwaka hujikagua kabla ya kuwasha skrini. Ikikwama mapema haina njia ya kuandika ujumbe, kwa hivyo hutumia sauti na taa. Kila mtengenezaji ana lugha yake, na maana ya kila idadi imeandikwa kwenye mwongozo wa mashine, ambao hupatikana bure intaneti kwa kuandika jina la modeli. Katika kompyuta za ofisini za HP za wakati ule, milio mitano ni tatizo la memori. Sita ni upande wa picha. Saba ndiyo ubao mama. Nne ni umeme.

Yaani mashine ilikuwa ikipiga kelele "tano, tano, tano", na sisi tunajibu "saba". Sisemi kwamba anayelia mara tano kamwe hawezi kuwa na ubao mbovu, kwani soketi ya memori ikivunjika huo pia ni ubao. Lakini hiyo ndiyo hukumu ya mwisho, baada ya kuyamaliza mengine yote. Kuanza nayo ni kumzika mtu kwa sababu ya homa.

Rudi kwenye hali ndogo inayofanya kazi

Tatizo likiwa na sura mbili, vipya vinakataliwa na vya zamani vinakataliwa, usidhani lina sababu moja. Tenganisha. Njia ni kurudi kwenye hali ndogo kabisa iliyowahi kufanya kazi, kisha kuongeza kitu kimoja kimoja. Tulifanya hivi, na ndugu msomaji unaweza kufanya vilevile nyumbani.

Kwanza, tulichomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima peke yake hakutoshi, kwa sababu kompyuta iliyozimwa lakini imechomekwa bado hupitisha umeme kidogo kwenye ubao, pamoja na kwenye soketi za memori. Ukitia au kutoa RAM katika hali hiyo unaweza kuiunguza. Baada ya kuchomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe.

Pili, tuligusa chuma cha kasha kabla ya kushika kitu ndani. Mwili hubeba umemetuli, ule unaokurusha ukigusa kitasa, na chipu hazivumilii kipigo hicho hata kama wewe hukuhisi. Usifanyie kazi juu ya zulia au blanketi. Kipande cha RAM kishike kwa kingo, usishike meno yake ya dhahabu.

Tatu, tulitoa vipande vyote. Tukachukua kimoja cha zamani, tukakitazama mwangani. Meno yake yalikuwa na ukungu mweusi, na soketi ilikuwa na vumbi la miaka. Hili sisi watu wa pwani tulijue zaidi, maana kwetu kuna vumbi, kuna unyevu na kuna chumvi ya bahari, na vikikutana juu ya chuma huacha kutu ya kijani isiyopitisha umeme vizuri. Kipande kinaweza kukaa miaka sita kikifanya kazi kwa sababu hakijasogezwa, kisha ukikitoa na kukirudisha, jino linaangukia mahali palipo na uchafu. Mpwa wangu hakuvunja kitu. Alikisogeza tu.

Meno tuliyafuta kwa kitambaa safi kilicholowa spiriti kidogo, tukaacha yakauke. Mafundi wengi hutumia raba ya penseli. Inafaa ukiwa huna kingine, ila isugue taratibu na upanguse unga wake wote. Soketi tuliipuliza kwa pampu ndogo ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji na chumvi.

Nne, tulikirudisha kipande kimoja tu kwenye soketi namba 1, ile nyeusi. Katika mashine hii soketi hiyo ndiyo lazima ijazwe kwanza, na namba zimeandikwa kwenye ubao. Kipande kina mkato mmoja chini usio katikati. Ulinganishe na kizuizi cha soketi, kisha ukandamize ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vibano vya pembeni vijifunge vyenyewe. Wengi huogopa kukandamiza, kipande kikakaa upande mmoja juu. Kwa macho kimeingia, kwa umeme hakijaingia.

Tukachomeka. Tukabonyeza. Mlio mmoja mfupi, na alama ya HP ikatokea kwenye skrini.

Mpwa wangu akakaa chini. "Mjomba, mimi jana nililia bure."

Kosa langu mimi

Sasa ikabaki sura ya pili. Tulichomoa tena, tukatia kipande kimoja kipya peke yake kwenye soketi ileile safi. Milio mitano. Tukajaribu cha pili. Mitano.

Hapa nikiri. Nilikimbilia kusema vipande ni bandia na mtoto wa watu ameuziwa takataka. Nilipoteza saa nzima nikisema hivyo. Kisha mpwa wangu akauliza swali nililopaswa kuliuliza mimi: "Tukivijaribu kwenye mashine ile nyingine je?"

Ile nyingine ni HP Compaq 8200 Elite, ya mwaka 2011, nayo hutumia RAM ya DDR3. Tukaviweka. Ikawaka bila neno, ikasoma GB 8 zote. Vipande vilikuwa vizima, na muuzaji hakuwa mwizi. Mashine ya 2009 ilikuwa nzima na vipande vilikuwa vizima, ila havikuwa vikielewana.

Chipu nane na chipu kumi na sita

Nikavigeuza nikavihesabu. Kila kipande kipya cha GB 4 kilikuwa na chipu nane, zote upande mmoja, upande wa pili mtupu. Na karatasi yake imeandikwa 1Rx8. Hapo ndipo palipo na siri, na haijaandikwa nje ya paketi.

GB 4 unaweza kuzipanga kwa namna mbili: chipu kumi na sita ndogo, nane kila upande, au chipu nane kubwa zenye uwezo maradufu. Kwa mnunuzi zote ni GB 4. Lakini memori huongozwa na chipu nyingine kwenye ubao, na katika 6000 Pro hiyo ni Intel Q43. Kizazi hicho cha Intel kiliundwa wakati chipu kubwa za namna hiyo hazijaenea, na hakijui kuzihesabu. Ni kama karani aliyefundishwa kusoma mizani ya kilo mbili ukamletea ya kilo nne. Q45 na G41, za rika hilohilo, zina tabia hiyo pia. Mashine ya 2011 ni ya kizazi kilichofuata, kwa hivyo haikusumbuka.

Kwa mashine za rika hilo zinazotumia DDR3, kipande cha GB 4 unachotaka ni chenye chipu kumi na sita, nane huku na nane huku, na karatasi yake husema 2Rx8. Mashine yenyewe ina soketi nne na inafika GB 16, lakini kwa vipande vya namna hiyo.

Luthuli na macho yaliyofumbuliwa

Nikaona bora tushuke mjini tukabadilishe. Luthuli Avenue, mtaa unaobeba jina la Albert Luthuli, mshindi wa Nobel ya amani ya mwaka 1960, ndio soko la vifaa vya umeme la Nairobi: redio, spika, nyaya, simu, kompyuta, duka juu ya duka hadi ngazi za juu. Ukitoka hapo ukaingia River Road bado uko sokoni.

Muuzaji alitupokea vizuri lakini risiti ilikuwa wazi: kilichofunguliwa hakirudi. Vya chipu kumi na sita hakuwa navyo. Akatuambia vipya vya aina hiyo havionekani sana siku hizi, na hupatikana zaidi vilivyotolewa kwenye mashine kuukuu. Nikamshukuru. Kosa halikuwa lake. Tulimwomba "RAM ya DDR3, GB 4", naye akatupa tulichoomba.

Kwa hivyo yeyote anayekwenda kununua RAM ya kompyuta kuukuu, Luthuli au Digo Road, abebe haya. Abebe kipande cha zamani chenyewe, ama picha yake pande zote mbili. Abebe jina kamili la modeli ya mashine, si "HP nyeusi". Na akague mambo manne kabla ya kulipa.

La kwanza ni kizazi. DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zina meno 240 kila moja, lakini mkato hauko mahali pamoja. Kikikataa kuingia, usilazimishe. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, na hasira za kulazimisha huishia na moshi.

La pili ni umbo. RAM ya laptopu ni fupi, karibu nusu ya ile ya mezani.

La tatu ni aina. Sokoni kuna RAM nyingi zilizotoka kwenye seva. Zinafanana kabisa na za kawaida, na bei yake huvutia. Karatasi yake huwa na herufi R baada ya namba ya kasi, kwa mfano PC3-10600R. Hizo hazitafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Vilevile kuna zinazouzwa rahisi zikiwa zimeandikwa kwamba ni za AMD tu. Kama yako ni Intel, ziache hapo.

La nne ndilo lililotukuta sisi: idadi ya chipu.

Kasi, ambayo ndiyo wauzaji huisifu sana, ina uzito mdogo. Ukiweka ya 1333 kwenye mashine ya 1066, itashuka ifuate mwendo wa mashine. Hakuna hasara, ila usilipe zaidi kwa mbio ambazo hutazikimbia. Na kabla ya kuondoka, ombo moja: wakubalie wakijaribie mbele yako, na waandike kwenye risiti kama unaruhusiwa kubadilisha.

Dawa ilikuwa chumbani

Tulirudi kwenye matatu kimya, mkononi RAM isiyorudishwa. Tulipofika karibu na Yaya, mpwa wangu akageuka. "Mjomba, ile ya 2011 ina RAM gani ndani?"

Ilikuwa na vipande viwili vya GB 2. Na GB 2, hata ikiwa na chipu nane, chipu zake ni za ukubwa ambao mashine ya 2009 inaujua. Basi tukabadilishana ndani ya nyumba: vipya vya GB 4 vikabaki kwenye mashine ya 2011, na vyake vya GB 2 vikahamia kwenye mashine ya 2009. Vile vya GB 1 tukavitia kwenye bahasha ya karatasi na kuandika juu. Hakuna shilingi iliyoongezwa, na mashine mbili zikapata nafuu badala ya moja.

Ila ukuta mmoja ulikuwa umebaki. Ile ya 2009 sasa ina GB 4, lakini ukifungua ukurasa wa maelezo ya mfumo, Windows inasema zinazotumika ni tatu na ushei. Hili huwatisha watu, wakadhani kipande kimoja kibovu. Mstari wa chini yake ndio wenye jibu: mfumo wa biti 32, prosesa ya x64. Windows ya biti 32 haiwezi kuhesabu zaidi ya GB 4, na sehemu ya hesabu hiyo huchukuliwa na vifaa vingine vya mashine. Hata ukiijaza GB 16, itabaki hapohapo. Prosesa inaweza biti 64. Aliyefunga Windows ndiye aliyechagua ile ndogo, na kuibadilisha ni kufunga mfumo upya.

Wiki ya ritani si wiki ya kufunga mfumo upya. Tukakubaliana kungoja Julai. Tatu na ushei ilikuwa tayari zaidi ya alichokuwa nacho.

Usiku wa majaribio

Kompyuta kuwaka siyo ushahidi kwamba RAM ni nzima. Kipande kinaweza kuwasha mashine na bado kiwe na doa moja linaloharibu faili kimyakimya, na risiti ya ushuru iliyoharibika ni mbaya kuliko mashine iliyozima. Kuna programu ya bure iitwayo Memtest86+, huwekwa kwenye flashi diski na kuwashwa kabla ya Windows. Huandika na kusoma kila sehemu ya memori tena na tena. Windows nayo ina kipimo chake cha ndani. Tuliiacha Memtest ikifanya kazi usiku kucha. Kosa hata moja, si mia, latosha kukitoa kipande. Asubuhi tulikuta sifuri.

Kitu kingine kidogo kilijitokeza: saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka. Ile betri bapa mfano wa sarafu, CR2032, ilikuwa imechoka, na mashine ilipochomolewa muda mrefu ikasahau tarehe. Tarehe ikiwa si sahihi, kurasa kama za iTax na eCitizen hukataa kufunguka kwa madai kwamba si salama, na mtu hulaumu intaneti. Betri hiyo huuzwa hata maduka ya saa. Tukaibadilisha, tukaweka tarehe, kurasa zikafunguka.

Lini usiiongeze

Nisije nikasomeka kama naitetea kila kompyuta kuukuu. Mashine ikiwa ya DDR2, RAM yake imeanza kuwa adimu na hesabu inaweza isikubali. Diski ikiwa inagugumia, RAM haitaitibu, na pesa hizo ziende kwenye SSD. Na Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, huku mashine za 2009 hazimo kwenye orodha ya zinazokubalika na Windows 11. Kwa kazi ya saiba au shule, mfumo wa bure kama Linux Mint huenda vizuri kwenye mashine hizi zikiwa na GB 4 au zaidi.

Na kama kweli imekufa, isitupwe jaani. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki. Kabla ya kuitoa, au hata kuipeleka kwa fundi usiyemjua, toa diski ubaki nayo. Humo mna vitambulisho na PIN za watu, na tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya ulinzi wa data inayomfanya aliyezikusanya kuwa mdhamini wake. Lakini sheria au si sheria, hiyo ni amana.

Mwezi Julai, mafaili yakiwa yameshanakiliwa kwenye diski ya nje, mpwa wangu alifunga mfumo wa biti 64 yeye mwenyewe, mimi nikiwa Mombasa kwenye simu. Kisha akavitoa vile vya GB 1 kwenye bahasha akavirudisha kwenye soketi zilizobaki. Mashine ikasoma GB 6.

Ndani ya kifuniko cha kasha amebandika karatasi: modeli, aina ya RAM, soketi gani ina nini, tarehe ya betri. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, ameandika: "Tano ni memori. Saba ndiyo ubao."